Kibodi ya skrini katika ghala la dagaa: namna ya kuipa mahali pake kwenye eneo-kazi la Xfce

Swali. Ninatunza kumbukumbu za mapokezi na mauzo katika ghala la dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Kibodi za kawaida hazidumu kwetu, kwa sababu vumbi na mchanga wa dagaa huingia chini ya vitufe na mikono yetu mara nyingi ina maji. Tumenunua kompyuta iliyotumika yenye skrini ya kugusa ya inchi 15.6, na fundi ametuwekea Linux Mint ya Xfce. Nimesakinisha Onboard, programu ya kibodi ya skrini, lakini inaelea katikati ya skrini na kufunika ninachoandika, haijitokezi ninapogusa kisanduku cha kuandikia, na asubuhi tunapowasha mashine haipo kabisa kwenye ukurasa wa nenosiri. Je, nibadilishe programu, au nihamie mfumo mwingine?

Jibu. Usihamie popote kwa sasa, wala usiiondoe Onboard. Kwa Xfce inayoendeshwa juu ya X11 (mfumo unaoonyesha madirisha kwenye skrini), ambayo ndiyo hali ya kawaida ya Mint uliyowekewa, sijaona kibodi ya skrini inayoifaa kazi yako kuliko hiyo. Matatizo yako matatu yanaonekana kama kasoro za programu moja, lakini kila moja lina mhusika wake. Kuelea na kufunika kunamhusu msimamizi wa madirisha, ambaye hajaelezwa kwamba dirisha hili linastahili eneo lake peke yake. Kutojitokeza kunaihusu programu unayoandikia, ambayo haijatoa taarifa yoyote kwamba sehemu ya maandishi imeguswa. Kukosekana kwenye ukurasa wa nenosiri kunaihusu programu nyingine kabisa, inayofanya kazi kabla mtumiaji yeyote hajaingia. Kibodi ya kuchomeka haina haja ya kupatana na wote hao, kwa kuwa inazungumza na mashine moja kwa moja. Kibodi ya skrini ni dirisha miongoni mwa madirisha, na kila inachotaka kukifanya sharti ikiombe.

Upande mmoja wa mapatano hayo umekwisha kutimia bila wewe kufanya lolote, na inafaa uujue ili usiuharibu. Kwa kawaida dirisha lililoguswa ndilo linaloanza kupokea herufi. Kama Onboard nayo ingefuata kawaida hiyo, kila mara ambapo ungegusa kitufe, jedwali lako lingeacha kupokea maandishi na herufi zisingefika popote. Kwa hiyo Onboard hujitambulisha kama dirisha lisilotaka kupokea herufi, kisha hutuma kila herufi kupitia kiendelezi cha XTest, ambacho huifanya seva ya X ione kana kwamba kitufe halisi kimebonyezwa. Ikiwa unaweza kugusa seli ya jedwali, kisha kugusa kitufe cha 7 na tarakimu ikaonekana kwenye seli, sehemu hii iko salama.

Sasa tuje kwenye nafasi, ambako ndiko kwenye kazi kubwa. Fungua mapendeleo ya Onboard, nenda sehemu ya "Window", na uwashe chaguo la "Dock to screen edge". Kwenye mipangilio ya chaguo hilo, chagua ukingo wa chini, iache ienee upana wote wa skrini, na uhakikishe kwamba chaguo la kupunguza eneo la kazi limewashwa. Hilo la mwisho ndilo wengi hulipita bila kuliona. Kibodi inaweza kukaa chini ya skrini na bado ikafunika safu za mwisho za jedwali, kwa sababu kukaa ukingoni na kutengewa ukingo ni mambo mawili. Likiwashwa, Onboard humtangazia msimamizi wa madirisha kwamba utepe wa pikseli kadhaa kutoka chini ni wake, naye msimamizi huyo, ambaye katika Xfce huitwa Xfwm, huyabana madirisha yaliyopanuliwa yaishie pale kibodi inapoanzia.

Mpangilio huo una mipaka yake. Xfwm huyabana madirisha yaliyopanuliwa kikamilifu tu; dirisha dogo ulilolisogeza chini kwa mkono litabaki pale lilipo, nusu yake ikiwa nyuma ya kibodi. Vilevile, dirisha lililowekwa katika hali ya skrini nzima, kama kivinjari baada ya kubonyeza F11, haliheshimu ukingo uliotengwa na mtu yeyote. Wafanyakazi wako wazoee kupanua dirisha kwa kitufe cha kwenye upau wa juu, na waiache F11. Jambo jingine ni paneli ya Mint, ile yenye menyu na saa, ambayo huja ikiwa chini. Nafasi zinazotengwa kwenye ukingo mmoja hupimwa kila moja kuanzia mwisho wa skrini na hazijumlishwi, kwa hiyo paneli na kibodi zikiwa pamoja chini huweza kupandana. Hamishia paneli juu, na ugomvi huo utakwisha.

Kuhusu ukubwa, pima kwa sentimeta kabla ya kupima kwa jicho. Skrini ya inchi 15.6 ya umbo la 16 kwa 9 ina upana wa takribani sentimeta 34.5 na kimo cha sentimeta 19.4. Ikiwa ni ya pikseli 1366 kwa 768, kama zilivyo nyingi za ukubwa huo, kila sentimeta ina pikseli zinazokaribia 40. Kidole kikavu kinahitaji kitufe kisichopungua sentimeta 1 hivi. Kidole chenye maji, cha mtu aliyesimama huku akimjibu mteja, kinahitaji zaidi. Vitufe vyenye kimo cha sentimeta 1.5 katika safu 5 vitachukua sentimeta 7.5, yaani pikseli 300 hivi, na utabakiwa na pikseli 468 za paneli, upau wa dirisha, pau za zana na jedwali lenyewe. Ni nafasi finyu, lakini inatosha endapo utaziondoa pau za zana ambazo hakuna anayezigusa. Katika LibreOffice, menyu ya "View" ina chaguo la "User Interface", na ndani yake umo mpangilio wa upau mmoja tu wa zana, uchague huo. Usijaribu kuokoa nafasi kwa kuifanya kibodi ipenyeze macho kama kioo ili uone yaliyo nyuma yake. Chaguo hilo lipo na linavutia kwa siku ya kwanza, lakini tarakimu za kibodi zikichanganyika na tarakimu za jedwali, karani atasoma kisichokuwapo.

Umeuliza kwa nini haijitokezi unapogusa kisanduku. Katika X11 kibodi ya skrini haina njia ya moja kwa moja ya kujua kwamba mahali fulani ndani ya dirisha la programu nyingine pana sehemu ya kuandikia. Hutegemea mfumo uitwao AT-SPI, ambao ulibuniwa kwa ajili ya watumiaji wenye ulemavu na ndio unaotumiwa na kisomaji cha skrini cha Orca kuwaeleza wasioona yaliyo kwenye skrini. Programu hutangaza kupitia AT-SPI kwamba kielekezi kimeingia kwenye kisanduku cha maandishi, na Onboard, ambayo inasikiliza, hujitokeza. Mfumo huo usipowashwa, programu hukaa kimya, na chaguo la "Auto-show when editing text" huwa halina la kusikiliza. Uwashe kwa amri hii, kisha utoke na uingie upya:

gsettings set org.gnome.desktop.interface toolkit-accessibility true

Baada ya hapo programu zilizojengwa kwa GTK, zana ya kujengea madirisha ya programu, zitaanza kutangaza. Vivinjari vya ukoo wa Chromium huhitaji kuanzishwa kwa kuongezewa --force-renderer-accessibility, la sivyo vitajitangaza wenyewe bila kutangaza kurasa zilizomo. Programu za Qt, zana nyingine ya namna hiyo, huweza kuhitaji kigezo cha mazingira QT_LINUX_ACCESSIBILITY_ALWAYS_ON kipewe thamani ya 1. Majedwali ndiyo yenye utata zaidi, kwa kuwa seli iliyochaguliwa tu, bila kufunguliwa kwa kuhaririwa, si lazima ihesabiwe kuwa kisanduku cha maandishi, ingawa unaweza kuanza kuiandikia papo hapo.

Nimekueleza namna ya kuiwasha kwa sababu umeuliza, lakini kwa kazi ya ghala mimi ningeizima. Kila kibodi inapojitokeza na kuondoka, eneo la kazi hupungua na kuongezeka, na madirisha yote yaliyopanuliwa hujichora upya. Kwenye kompyuta iliyotumika, ambayo huenda si nyepesi, karani ataona jedwali likiruka juu na chini kila anapotoka seli moja kwenda nyingine, na safu aliyokuwa akiitazama haitakuwa pale alipoiacha. Mashine ambayo kazi yake ni kuandika kutwa nzima haina sababu ya kuificha kibodi. Iweke Onboard kwenye orodha ya programu zinazoanza pamoja na kikao, iache isimame chini daima, na uwashe alama yake ndogo inayoelea kwa ajili ya zile nyakati chache ambapo mwenye ghala anataka kuliona jedwali zima. Kujitokeza kwenyewe kunafaa zaidi mashine inayosomwa sana na kuandikiwa kidogo, kwa mfano ya mapokezi.

Sasa mpangilio wa vitufe. Maandishi yenu mengi ni tarakimu: kilo, idadi ya magunia, bei, namba za simu. Mpangilio wa Onboard uitwao "Compact" huweka tarakimu katika safu moja ya juu, jambo linalomlazimu mkono mmoja kusafiri upana wa skrini. "Full Keyboard" una pedi ya tarakimu upande wa kulia kama kibodi za mezani, lakini unabeba pia vitufe vya F1 hadi F12 ambavyo kwenu ni mapambo. Onboard inakuruhusu kunakili mpangilio uliopo na kuuhariri. Faili zake ni za XML zikiambatana na michoro ya SVG inayoonyesha kila kitufe kilipo na ukubwa wake. Fundi mvumilivu anaweza kuifuta safu ya F, kuipanua pedi ya tarakimu na kukikuza kitufe cha Enter. Hiyo ndiyo kazi ambayo ningemlipa fundi kabla ya nyingine yoyote katika barua yako.

Tumia pia vipande vya maandishi ambavyo Onboard huviita "snippets": unakihifadhi kipande mara moja, na kukigusa huandika neno zima. Majina ya mahali dagaa wanakotoka, kama Ukerewe, Ukara au Goziba, yakiwekwa hapo yataandikwa kwa tahajia moja siku zote, na hapo hesabu za mwisho wa mwezi zitakuwa rahisi kujumlisha kwa kila kisiwa.

Ukanda wetu una majina mengi yanayoanza kwa Ng'w, kwa hiyo alama ya ritifaa haiwezi kufichwa kwenye kurasa za pili za kibodi. Onboard huchora vitufe kufuata mpangilio wa kibodi uliochaguliwa kwenye mfumo, na kwa mpangilio wa Kimarekani ritifaa iko kando ya Enter, mahali panapofikika. Angalia lakini upande wa LibreOffice: sahihisho lake la kujiendesha huweza kuigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa macho ni zilezile, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, na mteja aliyeandikwa kwa moja hatapatikana anapotafutwa kwa nyingine. Zima ubadilishaji huo katika "AutoCorrect Options", kwenye ukurasa wa "Localized Options".

Kuna hatari moja ambayo hukuitaja, nami naiona kubwa kuliko zote tatu ulizozitaja, nayo ni maji. Skrini nyingi za kugusa za siku hizi hufanya kazi kwa kuhisi badiliko la umeme linaloletwa na ngozi ya kidole, na maji nayo huleta badiliko hilo. Tone likitulia juu ya kitufe laweza kusomwa kama mguso, na mguso mmoja wa kidole kilicholowa waweza kusomwa mara mbili, hivyo gunia la kilo 50 likaingia kitabuni kuwa la kilo 500. Ili kujua aina ya skrini yako, gusa kwa kifuniko cha plastiki cha kalamu: ikiitika, ni ya kubonyeza, nayo haisumbuliwi sana na maji, isipoitika, ni hiyo ya kuhisi. Kwa skrini ya kuhisi, chagua mguso mmoja badala ya miguso mingi katika mapendeleo ya Onboard, weka kitambaa kikavu kando ya mashine, na uwashe kiputo kinachoonyesha herufi iliyoguswa, kwa sababu kidole chenyewe huwa kinaifunika. Kisha weka ulinzi ndani ya jedwali lenyewe: chagua safu wima ya kilo, fungua "Validity" katika menyu ya "Data", na uandike kiwango cha juu ambacho gunia lenu haliwezi kukizidi. Calc, programu ya majedwali ya LibreOffice, itaikataa tarakimu iliyozidi hapohapo, kabla haijaandikiwa risiti.

Kuhusu kuhamia mfumo mwingine, nitasema kwa ufupi. Mazingira ya GNOME yana kibodi ya skrini ndani yake yenyewe, na huwashwa kwenye mipangilio ya "Accessibility" bila kusakinisha kitu. KDE Plasma hukuruhusu kuchagua kibodi, kwa mfano Maliit, kwenye mipangilio yake. Hayo yote hufanya kazi juu ya Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X11, ambamo programu ya kawaida hairuhusiwi kutuma herufi kwenye programu nyingine bila idhini ya mwenye eneo-kazi. Kwa usalama ni jambo jema, lakini ndiyo sababu huwezi kuichukua Onboard uliyoizoea na kuipandikiza huko ukitarajia ifanye kazi vilevile. Programu za zamani zinazoendeshwa Wayland kupitia daraja la XWayland hazitoi taarifa ya kisanduku kilichoguswa, na kibodi huwa haijitokezi yenyewe kwao. Kibodi ya GNOME kwa kawaida imepangwa kama ya simu, tarakimu zikiwa ukurasa wa pili, na kwa kazi ya mizani hilo peke yake lingetosha kunifanya nikatae. Ukija kununua kompyuta ndogo ya Raspberry Pi kwa ajili ya dirisha la pili la mauzo, fahamu kwamba mfumo wake umekuja na kibodi iitwayo Squeekboard tangu toleo la Oktoba 2024, na mipangilio ya vitufe vyake ni faili za YAML zinazoharirika kwa urahisi kuliko za Onboard.

Limebaki suala la nenosiri. Ukurasa wa kuingilia wa Mint huendeshwa na programu iitwayo Slick Greeter, nayo haina habari na mapendeleo uliyoyaweka, kwa kuwa inafanya kazi kwa jina la mtumiaji mwingine wa mfumo. Fungua faili la /etc/lightdm/slick-greeter.conf kwa mamlaka ya msimamizi, na chini ya kichwa cha [Greeter] ongeza mstari huu:

onscreen-keyboard=true

Kibodi itakayotokea hapo ni Onboard ileile, lakini usishangae ikiwa na ukubwa na rangi tofauti na uliyoizoea. Ikiwa fundi wako aliweka GTK Greeter badala yake, faili ni lightdm-gtk-greeter.conf, na mistari inayohitajika ni keyboard=onboard na a11y-states=+keyboard.

Kufunga skrini katikati ya siku ni habari nyingine. Skrini inapofungwa, programu ya kufungia huishika kibodi na mausi kwa nguvu na kujiweka juu ya madirisha yote, Onboard ikiwamo, na isingekuwa kufuli kama isingefanya hivyo. Kwa hiyo kibodi lazima ipachikwe ndani ya kufuli lenyewe. Ikiwa mnatumia xfce4-screensaver, fungua mapendeleo yake, nenda sehemu ya kufunga skrini, washa kibodi ya skrini na uandike amri ya onboard --xid. Hicho kiambatisho cha mwisho ndicho kinachoiagiza Onboard ijichore ndani ya dirisha la mwenyeji wake.

Kuna ukurasa mmoja ambako hakuna hata moja ya mbinu hizi itakayofika. Ikiwa diski ilisimbwa wakati wa kusakinisha Mint, nenosiri la kuifungua huulizwa kabla eneo-kazi halijaanza, na Onboard wakati huo ni faili tu ndani ya diski iliyofungwa. Hali ni hiyohiyo kwa mipangilio ya BIOS. Umeme ukikatika saa nne asubuhi na malori yakisubiri kupakiwa, mashine itawaka tena na kusimama hapo ikisubiri kitufe halisi. Muulize fundi wako kama alisimba diski, na kwa vyovyote vile hifadhi kibodi moja ya bei nafuu ya USB ndani ya mfuko wa nailoni, kwenye droo iliyo mbali na dagaa. Kabla hujaichomoa inayotumika sasa, izime mashine kabisa, iwashe, ingia kwa kugusa peke yake, kisha funga skrini na uifungue kwa kugusa pia. Penye kukwama, rudi kwenye faili au pendeleo linalohusika na ukurasa huo huku kibodi ya mkono ikiwa bado imechomekwa.